Mtende Uliofungwa Kanga

Kitovu changu kilizikwa mahali ambapo leo magari yanapita katika njia sita. Ni nje kidogo ya Jeddah, upande wa milimani. Wiki iliyopita nilipita hapo nikitokea Riyadh, ninakofanya kazi. Nikapunguza mwendo, na madereva wa nyuma wakanipigia honi.

Usiutafute mtaa wetu kwenye ramani. Ulikuwa bonde la mchanga, nyumba saba, na kisima cha maji ya chumvichumvi walikonyweshea ngamia mahujaji wa zamani. Familia nne zilitoka Unguja baada ya Mapinduzi. Jirani alifuga kondoo walioletwa kwa meli kutoka Australia. Alfajiri tuliamshwa na milio yao, kisha na harufu ya iliki kwenye maandazi ya bibi.

Kwao bibi, kitovu cha mtoto huzikwa chini ya mnazi. Minazi ilikataa pale, basi akatuzikia vitovu wajukuu wote watano chini ya mtende mmoja uani.

Fedha za mafuta zikaleta barabara. Sisi tulipewa fleti mjini, mtaa wa Aziziya, ghorofa ya tatu. Mitende ingeng'olewa ikapandwe kando ya barabara ya pwani. Mnyapara, Myemeni mcheshi, akaja kuiandikisha.

"Na udongo wake mnauchukua?" bibi alimuuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.

"Hajja, mimi nimeandikiwa miti. Udongo mafi, haumo!"

"Basi mtende wangu nitaujuaje huko?"

"Uulize jina lake," akacheka. "Yalla, hameni. Halas."

Bibi hakucheka. Siku ya kuhama alichana pindo la kanga yake nyekundu, akalifunga kwenye shina, mafundo mawili.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya chakula baba alituendesha polepole barabara ya pwani, bibi kichwa dirishani, akikagua shina moja moja. Kanga hatukuiona.

"Labda upepo umeifungua," bibi alisema. Wiki ya pili, hivyo hivyo. Mwaka wa pili pia.

Nilipokua nikaajiriwa na mkandarasi wa barabara Riyadh. Siku moja nikakuta mafundi wakifunga vitambaa vyekundu kwenye mitende michache. Nikauliza ni vya nini.

"Hiyo ni migonjwa, dada. Haihamishwi, inaachiwa katapila."

Bibi alikuwa hai bado, na kwenye simu alinisimulia Ijumaa zao. Sikumwambia habari za vitambaa.

Sasa hayupo, wala kisima, wala kondoo wa jirani. Kama mnyapara wetu naye alitumia alama hiyo nyekundu, sijui. Mtu wa kumuuliza sijampata.