Kura Bure kwa Mama Filda

Kavugho alikuja Kampala kutoka Butembo, Kongo, na brashi tatu, na kwa brashi hizo aliandika nusu ya vibao vya mtaa wa Namuwongo. Halafu ikaja mashine ya kuchapa mabango. Sasa ameajiriwa na Bonny, mwenye mashine, kazi yake kukunja mabango yaliyokauka. Lakini brashi zake bado huzibeba mkobani.

"Mimi kosa naliona kwenye herufi moja," humfokea Bonny. "Hiyo mashine yako hukosea mita nne kwa mpigo!"

Bonny hucheka. Kwake yeye, L na R ni mapacha.

Wiki ya uchaguzi, Mama Filda alifungua hoteli yake ya chakula kando ya reli. Bonny akamchapia bango, akaandika kama anavyotamka, na asubuhi likatundikwa: LEO KURA BURE KWA MAMA FILDA.

Kabla chai haijachemka, askari wawili walikuwa mlangoni.

"Mama, nani amekutuma ugawe kura?"

Mama Filda akatuma mtu kwa Bonny. Bonny akaja mbio na Kavugho, akasoma bango mara mbili asione kosa. Mkubwa wa wale askari akachomoa pingu.

Kavugho hakuomba ruhusa ya mtu. Alinyakua makopo ya rangi iliyobaki baada ya kupaka ukuta wa hoteli, akapanda ngazi, akazipa zile pingu mgongo. Akatoa brashi mkobani, akaifunika R ya KURA, akachora L.

Mkubwa akasoma polepole. Akarudisha pingu kiunoni, akavua kofia.

"Kumbe ni chakula! Basi na sisi tumekuja kura."

Hakuna aliyethubutu kumsahihisha.