Bibi na Wafungwa wa Sinema

Mwezi uliopita nilipanda Uluguru mpaka kwenye makaburi yetu. Pale palipokuwa na nyumba ya bibi pameota migomba ya mtu nisiyemjua. Sikulia. Kwa umri wangu huu, machozi nauachia moshi wa kuni. Nilikaa juu ya jiwe nikapumzisha magoti, na kilichonijia kichwani ni sinema. Cheka tu, rafiki yangu, lakini ni sinema iliyomrudisha bibi pale.

Enzi za Ujamaa, sisi wa juu tulishushwa bondeni, njia ya Mkuyuni, tukapangiwa nyumba kwa mistari. Sitasema palikuwa pabaya. Palikuwa na zahanati, palikuwa na shule, na ndiko nilikojua kusoma. Ila lile joto, jamani! Na mbu, na maji ya kisima yaliyokuwa vuguvugu asubuhi na jioni. Bibi, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, aliyanywa amekunja uso kama anakunywa kwinini. Jioni, akichambua mlenda, macho yake yalikuwa mlimani. Mama alizikwa kule, pembeni ya shamba la magimbi, kwenye ardhi ya ukoo ambayo kwetu Waluguru huenda kwa upande wa mama: ilikuwa ya mama yake bibi, ikawa ya bibi, ingekuwa ya mama.

"Mwanangu ameotewa na majani," alikuwa akisema.

Alimwomba katibu wa kijiji ruhusa akafyeke kaburi. Akaambiwa asubiri kwanza palizi ya shamba la kijiji iishe. Akaomba tena, akajibiwa vilevile. Palizi ya shamba la kijiji, kwa jinsi ninavyokumbuka, haikuwahi kuisha.

Ndipo likaja gari la sinema. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa ghala, jenereta likaanza kunguruma, harufu ya dizeli ikachanganyika na ya karanga za kukaanga, na kiza kilipoingia tu picha ikaanza. Ilikuwa ya vita: wazungu wametekwa, wamefungiwa kambini nyuma ya seng'enge, wanachimba handaki kwa siri ili watoroke. Bwana wa sinema alitutafsiria kwa kipaza sauti, na alipokosa neno alijaza la kwake. Watu wazima walibaki midomo wazi. Wafungwa wana vitanda! Wana mablanketi na mabuti, wanakunywa chai, wanacheza mpira!

"Sasa hawa wanatoroka nini?" jirani yetu akauliza kwa sauti. "Mbona wanakula kuliko sisi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Si kwao pale," akasema.

Kicheko kikafa chenyewe. Kuanzia hapo watu walichimba pamoja na wale wazungu. Wafungwa walipomwaga udongo wa handaki kutoka ndani ya suruali zao, mbele ya askari, wakulima walipiga makofi. Kichwa cha kwanza kilipochomoza nje ya seng'enge, kina mama walisimama wakipiga kelele, "Toka, baba! Toka ukimbie!" Katibu naye akasimama. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mjinga.

"Zima," akamwambia bwana wa sinema. Kisha akatugeukia: "Ndugu wananchi, mafuta ya jenereta yanaisha."

Mafuta hayohayo yakatosha kutuonyesha picha ya matumizi ya mbolea, mwanzo mpaka mwisho.

Asubuhi yake bibi alifunga furushi la kanga na chumvi, akaweka jembe begani na tetea wake kwapani, akaniambia twende.

"Bibi, wakitukamata je?"

"Wale wazungu uliwaona wamekamatwa?"

"Sikuona."

"Haya, tembea."

Baada ya siku chache wakatufuata kule juu mgambo wawili, vijana wa kijijini, jasho linawatiririka. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu. Mmekula?" Walikuwa hawajala. Wakala magimbi ya moto, wakanywa maji ya mto ya baridi, wakashuka na ndizi na kumwambia katibu kwamba hawakumkuta mtu. Katibu akazitazama zile ndizi, akaomba chane moja, habari ikaishia hapo. Wengine nao wakaanza kupanda, nyumba moja moja, bila kuaga. Mimi nikawa nashuka shuleni asubuhi na kupanda jioni.

Miaka ikapita, nikaenda kusoma mjini. Jumba la sinema la pale Morogoro likaonyesha picha ileile, nikaona sehemu tuliyonyimwa. Karibu wote wanakamatwa. Wengi wanapigwa risasi. Katibu alizima akiogopa tusijifunze kutoroka. Angeiacha ikaisha, nadhani bibi angebaki bondeni.

Likizo nilipanda na sukari na mafuta ya taa. Bibi alikuwa amezeeka sana, amekaa mlangoni anamenya njegere, na kaburi la mama limefagiliwa safi.

"Wale wazungu," akaniuliza, "umewahi kusikia kama walifika kwao?"

Nikamwambia ukweli. Waliofika ni wachache, wengi waliuawa njiani.

Mikono yake ikasimama. "Masikini. Mama zao wanajua walikozikwa?"

"Sijui, bibi."

"Sasa nani anawafyekea?"

Bibi alipofariki tulimzika palepale, ubavuni mwa mama. Siku hizi bondeni pana maduka na umeme, ghala halina paa, na wale waliopanda wameshuka wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Ardhi ya juu ni yangu, na baada yangu ni ya binti yangu. Yuko Kihonda, kule mjini Morogoro, ana duka lake na watoto wake. Inaniuma, nisikudanganye: njia ya kule haijui.