Kisanduku cha "Wengine"

Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa magoti yake yalipovimba mara ya kwanza. Tuliishi Mariashoni, juu ya Elburgon, kwenye ukingo wa msitu wa Mau, katika nyumba ya mbao ambayo baridi iliingia bila kubisha. Kwanza koo lilimuuma, kisha magoti, kisha viwiko. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati. Mhudumu alimtazama bila hata kumgusa.

"Hii ni baridi tu, mathe," alisema. "Nyinyi watu wa msituni si mmeizoea?"

Akatupa vidonge vya maumivu, tukarudi nyumbani.

Sisi ni Waogiek. Jina hilo wengi hawalijui, na wanaotujua hutuita kwa jina la dharau nisilotaka kuliandika hapa. Nilikua nikidhani hilo ni suala la heshima tu. Sikujua kwamba kukosa jina kunaweza kumfupishia mtu pumzi.

Nilipokuwa mtu mzima nikawa mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba na mashine ya kupima presha. Siku moja watafiti walipanda kutoka Nakuru mjini. Walitaka kujua maradhi ya moyo yanashika kabila gani zaidi, na kwa nini.

"Mkituletea data nzuri," msimamizi alituambia, "kliniki ya moyo itazunguka huku. Itaenda pale penye wagonjwa."

Nilifurahi kuliko wote. Wakati huo mdogo wangu alikuwa mama wa watoto wawili, na hakuweza kutoka mtoni na mtungi wa maji bila kukaa chini njiani mara mbili, mkono kifuani, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Nyumba yake ndiyo niliyoanza nayo. Nikafungua fomu kwenye simu: umri, presha, dalili. Nikafika kwenye kabila. Orodha ilikuwa ndefu. Nikaipitia juu hadi chini, chini hadi juu. Sisi hatukuwemo.

Nikampigia msimamizi.

"Weka 'Wengine'," alisema. "Usichelewe hapo, madam, nyumba ni nyingi."

Mdogo wangu alikuwa akinitazama. "Wanauliza nini?"

"Kabila."

"Na kabila langu unalitafuta kwa simu?"

Nilibonyeza "Wengine". Nasema wazi: ni kidole changu mwenyewe. Nilikibonyeza kisanduku hicho kwa dada yangu, kwa mama yangu, kwa majirani walionikaribisha chai. Upande wa pili wa bonde, mwenzangu mmoja hakujisumbua hata na hicho kisanduku. Kwa sababu majina yetu yanafanana na ya majirani zetu walio wengi, alituandika kabila lao moja kwa moja.

Miezi ilipita, kisha tukaitwa kwenye hoteli moja ya Nakuru kusikia matokeo. Mtaalamu kijana alisimama mbele ya picha ukutani, nguzo za rangi, kila nguzo na kabila lake. Alizungumzia mafuta, chumvi, uzito. Akatania kwamba watu wa huku wapunguze kusimama Kikopey kula nyama choma. Ukumbi ukacheka. Mimi nilimfikiria mdogo wangu, ambaye hajawahi kukanyaga Kikopey, na ambaye nyama huiona watu wakioana.

Kisha wakaonyesha ramani ya mahali kliniki itakapopita. Mji huu, mji ule. Juu ya Elburgon hapakuwa na alama yoyote.

Nikasimama. Nikauliza kwa sauti.

"Kisanduku cha 'Wengine' kiko wapi?"

Yule kijana akakagua karatasi zake. "Hao walikuwa wachache mno, mathe. Tukawaondoa, wasiharibu hesabu."

"Wasiharibu hesabu?" nilisema. "Mliniambia nipande milima niwatafute wagonjwa. Nikawapata. Nimewapata wamevimba miguu, wanahema kwa shida. Sasa unaniambia wameondolewa kwa sababu ni wachache? Wachache hawana moyo?"

"Si hivyo, ni utaratibu wa takwimu..."

"Dada yangu alivimba magoti akiwa mtoto akaambiwa ameizoea baridi. Leo nyinyi mmemfuta kabisa. Yule wa zahanati angalau alimwona."

Mwenzangu alinivuta kitenge niketi, nikautoa mkono wake. Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti mtu yeyote mwenye kalamu.

Wakati wa chai, daktari mmoja wa kike, mtu wa makamo, alinifuata. Hakuniomba nipoe. Aliniuliza tu, "Hayo magoti, yalianza baada ya koo kuuma?" Nilipojibu ndiyo, alifumba macho kidogo. "Mlete wiki hii. Usingoje kliniki."

Nilimpeleka hospitalini. Wakampiga picha ya moyo kwa mashine. Vali moja, kile kilango kinachopitisha damu, ilikuwa imekakamaa na makovu. Daktari alieleza kwamba ni homa ya baridi yabisi ya utotoni, iliyoanzia kwenye koo, na kwamba sindano za penisilini zingeweza kuzuia mengi kama angeanzishiwa mapema. Mdogo wangu akauliza, "Kwa hiyo sikuwa mvivu?" Miaka yote hiyo mume wake alikuwa akimwambia hivyo, na sisi wengine tulikuwa tukinyamaza.

Leo anachomwa sindano kila mwezi, yuko kwenye foleni ya upasuaji. Fomu ya simu imeongezwa jina letu. Ile ripoti ya kwanza haikurekebishwa; bado inasomwa, nguzo zake za rangi zikiwa vilevile, na kila nikiisikia ikitajwa kwenye mikutano damu inanichemka.

Lakini yule daktari hakusubiri irekebishwe. Asubuhi moja ya mvua alipanda hadi shule yetu ya msingi na mashine yake ndani ya gari. Wazazi na watoto wao walikuwa wamejipanga tangu alfajiri. Nilisimama mlangoni na simu yangu, nikimwandika kila mtoto kwa jina la watu wake, na ndani nikamsikia daktari akimwambia msichana wa kwanza, "Haya, vua sweta, mama. Nataka kusikiliza moyo."