Mtani, Mama na Shokapu za Lori

Fundi wangu wa lori ni Mzaramo, mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatujawahi kuamkiana kama watu wazima. Sisi ni watani. Yeye ana haki ya kunitukana mbele ya wateja wake, mimi nina haki ya kumnyang'anya chai mkononi, na hakuna wa kununa. Mambo haya waliyaanza babu zetu, wa kwangu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kutoka huku Tabora mpaka pwani kwa kina fundi, na hayajaisha.

"Mbeba mizigo kafika!" hunipigia kelele nikiingiza lori gereji. "Babu yako alibeba pembe za ndovu begani bila shokapu, ndiyo maana na wewe huoni haja nazo!"

"Na babu yako alikuwa amelala anangoja aletewe," namjibu. "Toka kwenye hilo benchi ufanye kazi."

Lori ni langu na naliendesha mwenyewe. Waliokuwa wanashangaa mwanamke kushika usukani wameshachoka kushangaa. Nabeba mpunga, mahindi, karanga, na Jumapili nyingine wanakwaya wenzangu, ambao ni mzigo wenye kelele kuliko yote. Sasa, ubaya wa kuwa na fundi ambaye ni mtani ni kwamba hujui lini anasema kweli.

Siku moja nilirudi kutoka Choma, kule Igunga, fundi akaingia chini ya lori akaniita nishike shokapu za nyuma. Alinieleza kwamba shokapu iliyo nzima ikitoka kwenye barabara mbovu huwa ina joto, kwa sababu njia nzima ilikuwa inameza mitikisiko. Nikashika. Baridi kabisa, na mafuta yamevuja hadi chini, yamegandamana na vumbi.

Fundi akavua kofia. "Inna lillahi," akasema. "Huyu amefariki. Na wa mbele wako mahututi. Matanga lini, mtani? Mimi lazima nije, nile ubwabwa."

Gereji nzima ikaangua kicheko, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nikamwambia anatafuta cha kula, nikawasha gari nikaondoka. Toka siku hiyo kila nikifika ananipa pole ya msiba. Safari moja alifunga kitambaa cheupe kwenye bampa, kama gari la maiti, nikaendesha mpaka sokoni bila kujua, watu wananipungia mkono kwa huruma. Mjinga yule!

Na lori lilikuwa linatembea, au siyo? Kweli, nikikanyaga breki lilikuwa linainamisha pua kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Kweli, likiingia shimoni liliendelea kudunda wakati shimo lenyewe tumeshaliacha nyuma. Na matairi yalikuwa yanalika kwa mabaka, hapa yameisha, hapa bado. Nikazoea, kama mtu anavyozoea kutafunia upande mmoja.

Shida ilikuwa mama yangu. Tangu baba afariki alikuwa anaishi peke yake kijijini, njia ya Ulyankulu. Mimi nimejenga Itetemia, hapa Tabora, na chumba chake kipo, dirisha linatazama mashariki kama anavyopenda. Nilimtaka aje tukae wote. Nilimtaka mpaka nikipika kitu kizuri nilikuwa nakosa hamu ya kukila. Kuna mwaka alikubali, nikamleta na lori hilihili, na ile barabara iliyojikunja kama bati ikamvuruga mgongo, tukamshusha kwa kumbeba. Alilala kitandani siku nyingi. Alipopata nafuu akamwita mjomba amrudishe kijijini.

"Mwanangu, nakupenda," aliniambia. "Lakini kwenye hicho kinu chako sipandi tena."

Nikasema ni uzee. Nikasema ni barabara.

Basi juzi hapa, baada ya mavuno, akanipigia simu mwenyewe. "Njoo unichukue. Ila nakuja kuonja tu. Mgongo ukikataa narudi kwangu, na usinibembeleze tena maisha." Nikamwambia nitakodi gari dogo. Akaniuliza kuku wake watapakatwa na nani, maana bila kuku haji.

Nilikwenda gereji naimba. "Mtani, niangalizie oili na matairi," nikamwambia fundi. "Namfuata mama."

Alikuwa chini ya gari la mtu. Akatoka, akajifuta mikono. Mimi nimesimama nangoja tusi langu. Halikuja.

"Mama mzazi?" akauliza. "Yule wa mgongo?"

"Huyohuyo."

"Dada, naomba ufunguo."

Dada! Miaka yote hiyo ameniita kila jina baya, dada hajawahi. "Hebu acha utani wako," nikamwambia.

"Sitanii. Ukimpandisha mama kwenye gari hili lilivyo, utamvunja. Nimekwambia siku zote shokapu zimekufa, wewe unacheka."

"Ulisema unataka ubwabwa!"

"Na ubwabwa nilikuwa nautaka. Lakini shokapu zimekufa kweli."

Jamani, nilimfokea. Nilimwambia mtu mzima akiwa na neno la maana alitenge pembeni, asilichanganye na upuuzi. Aliniacha nimalize, akaenda kuchukua jeki. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu mtani asiyejibu si kawaida.

Alizifungua zote akazilaza kwenye gunia, tukazitazama pamoja. Za mbele ni za kizamani, zenye kifuniko cha kufunguka. Fimbo zake zilikuwa bado zimenyooka, zinang'aa. Hizo, akasema, zinafufuka: sili mpya ya kuzuia mafuta yasivuje, mafuta mapya, bushi mpya za mpira, basi. Za nyuma fimbo moja imepinda na nyingine imekwaruzika. "Hapa nikikuwekea sili mpya, mikwaruzo hii itaichana kabla hujafika Ulyankulu mara ya pili. Hizi nunua mpya, na ununue zote mbili, gari lisiende linachechemea." Nikanunua. Zile za mbele aliziunganisha upya mwenyewe mbele ya macho yangu, kisha akasimamisha kila moja chini na kuikandamiza kwa uzito wake wote, ikashuka taratibu, akaivuta, ikapanda taratibu. Siku nzima hakunitania hata mara moja.

Mama alipanda akiwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, kapu la kuku miguuni. Tulipofika kwenye ile mikunjo ya barabara nilipunguza mwendo, nikawa namwibia jicho. Amefumba macho. Sala zangu zote nilizisali pale. Baadaye kidogo nikamsikia: "Mbona unajikokota hivyo? Unataka kuku wangu wafe kwa joto?"

Loo, nilikanyaga mafuta kwa furaha! Tulipofika nyumbani nilijifunga kanga, nikaingia chini ya lori majirani wakitazama. Nikashika shokapu moja baada ya nyingine. Zilikuwa na joto zote.

Lakini mzigo wake wa nguo aliuweka karibu na mlango, umefungwa, na hakuufungua. Asubuhi anatoa kanga moja, jioni anairudisha na kufunga fundo upya. Nilikuwa nalipita fundo lile nikijifanya silioni.

Kisha fundi akaja. Alikuwa amebeba shokapu kuukuu ya nyuma, ameiviringisha kwenye kitambaa cheupe. "Nimeleta maiti wenu," akasema, halafu akamwona mama, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Pwani, mama. Mimi Mzaramo."

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. "Mzaramo! Nani kakuruhusu ukanyage hapa na miguu hiyo? Ndiyo mnavyonuka hivi wote, au wewe umezidi?"

Wakaanza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwisho fundi akatumia haki yake ya mtani: akamdaka kuku, akambana kwapani, akasema huyu ni wa ubwabwa wa msiba, akaelekea getini. Mama akainuka. Aliinuka peke yake, bila kushika ukuta.

"Mwizi! Huyo ni mtetea! Basi mwakani uniletee vifaranga vyake. Uniletee hapahapa, nitakuwa nimekaa kwenye kiti hikihiki nakusubiri!"

Nikamtazama usoni nijue kama ni utani. Fundi alikuwa anacheka njia nzima. Mama hakuwa anacheka.

"Na wewe unashangaa nini?" akaniambia. "Nifungulie mzigo wangu, nguo zinaota ukungu."