Tao la Roma na Ukuta wa Bibi

Mwaka jana nilirudi Kasongo, mashariki ya Kongo, nikaingia katika darasa letu la zamani la misheni. Ukuta wa nyuma umepakwa rangi ya kijivu. Nilidhani nitalia, rafiki yangu, lakini nilisimama tu kama mtu anayesubiri pikipiki.

Enzi za Wabelgiji, ukuta ule ulikuwa na Roma. Sista aliyetufundisha alikuwa na picha ndogo ya magofu ya mji huo: nguzo ndefu za mawe, tao lililobomoka, ng'ombe wawili wakila majani. Aliigawa kwa miraba, kisha akatupigia miraba mikubwa ukutani kwa uzi uliopakwa makaa. Kila msichana alinakili wake, kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi ya vyungu. Mimi nilipewa tao. Nikaliezeka nyasi, maana niliionea huruma nyumba isiyo na paa. Sista akazifuta, akaniambia nichore ninachokiona.

Bibi yangu mzaa mama, niliyeishi naye, nilipomsimulia aliacha kutwanga mpunga akacheka.

"Nyumba haina paa, watu hakuna. Mule munachora matanga?"

Mwenyewe alikuwa fundi. Kila kiangazi aliisiliba nyumba yake upya kwa udongo, akaichora kwa vidole vitatu, mistari ya kupinda na kukutana aliyoachiwa na mama yake. Ukoo mzima hakuna mwingine aliyeijua. Mwaka ule vidole vyake vilikuwa vimevimba, na ukuta haukuchorwa.

"Mwanangu, kuya nikuonyeshe. Nitashika mukono yako."

"Kesho, bibi. Leo tao yangu ingali mubichi."

Nilisema kesho siku nyingi. Jioni nilirudi nikakuta harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na mawese, nikala, nikalala.

Roma tuliimaliza. Padri mkuu akaja kuitazama, akasema ni yenyewe kabisa. Wiki hiyohiyo bibi alifariki. Sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu. Mimi sikuusikia moyo wowote.

Mvua zikaosha michoro ya mwaka uliotangulia kwenye ukuta wa bibi, hata mstari mmoja usibaki. Kiangazi kilichofuata mama alikoroga udongo mweupe, akaniita mbele ya wanawake wa ukoo.

"Wewe njo mwenye ulikaa naye. Chora."

Nikachovya vidole vitatu. Michoro ile nilikuwa nayo asubuhi na jioni tangu utoto, lakini sikuwahi kuitazama. Mkono ulisita, kisha ukashuka wima, ukatoa nguzo. Ukatoa na ya pili. Mama hakunigombeza, alichota udongo kwa kiganja, akazifunika zote mbili, akaendelea kusiliba mpaka ukuta ukawa mweupe mtupu. Nilimsaidia. Sikuona uchungu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Siku hizi wajukuu huniuliza michoro ya bibi yangu ilikuwaje. Nawaambia ilikuwa mizuri. Zaidi ya hapo sijui.