Vitufe Viwili Visivyo na Jina

Kompyuta ya shangazi haikuonyesha picha hata moja. Kioo cheusi, herufi nyeupe, basi. Wateja wa duka lake la kuchapa barua walimcheka mpaka wakachoka, naye wala hakujali. Huyu alikuwa mtuma telegramu pale posta miaka kumi na tisa; laini mbovu zote anazijua tabia.

"Picha ni mizigo," alikuwa akisema. "Mtandao wenyewe mchovu, wa nini kuubebesha?"

Siku hiyo kaka yake aliingia mbiombio na binti yake, macho ya binti yamevimba kwa kulia. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na asipoithibitisha kabla ya saa sita mchana, anapewa mwingine. Tangu asubuhi simu zao zilihangaika kuleta ukurasa wa chuo, uliojaa picha za wanafunzi wanaocheka. Zikifika nusu, mtandao unakata. Sasa zilibaki dakika kumi na mbili.

"Kaa hapo, mwanangu," shangazi akasema. "Shangazi yako yupo."

Ukurasa ukafunguka, maandishi matupu. Akajaza jina, akajaza namba, akashuka hadi mwisho. Hapo akasimama. Aliyeutengeneza ukurasa ule, mvivu wa watu, alichora vitufe viwili vya picha bila kuviandikia jina. Kwenye kioo cheusi vilisomeka tu: picha 1, picha 2. Kimoja cha kukubali nafasi, kingine cha kuikataa.

"Bonyeza cha kwanza!" kaka akafoka. "Kokote kule cha kwanza ndicho cha ndiyo! Muda unakwisha, wewe!"

"Usinitie kiwewe, kaka."

Akakifikia cha kwanza, asikibonyeze. Chini kabisa ya kioo ikajitokeza anwani ya kule kitufe kinakopeleka. Watu wa picha hata hawana habari nayo. Akaisoma herufi kwa herufi. Iliishia na neno: kataa.

Alimwonyesha kaka yake kwa kidole, akashuka kwenye cha pili, akasoma, akabonyeza.

Dakika mbili nzima, roho juu, binti kamng'ang'ania shangazi mkono. Kisha ukaja mstari mmoja: Nafasi yako imethibitishwa.

Acha wee! Binti aliruka, akapiga kelele, akamkumbatia shangazi karibu wamwangushe mteja. Baba mtu alivuta kiti akaketi, jasho linamtiririka, anakitazama kidole chake.

"Dada," akasema, "mimi ningekuwa nimeshabonyeza."