Nilivyopanga foleni ya malori ya Kongo nikiwa nimembeba mshenga wangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu niaje.

Leo nawaletea kisa changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sifungi kamba hata kidogo. Anayebisha apande basi aje Tunduma nimwoneshe lori lenyewe, kuna uwezekano mkubwa bado liko kwenye foleni.

Twende taratibu.

Mimi elimu yangu ni la saba, ila alama za barabarani nilizikariri kuliko Sala ya Bwana. Siku ya test nilipita bila kupepesa. Tatizo ni kwamba test yenyewe tulifanyia uwanjani, tambarare kama meza, na chombo pekee kilichonikaribia kilikuwa baiskeli ya muuza maziwa. Nikazunguka, nikarudi rivasi, nikapaki. Mwalimu akanipa mkono.

Leseni ilipotoka nikawa naiweka mfuko wa shati, kipande kimechungulia nje ili watu waone.

Sasa kupita test na kuendesha gari Tunduma ni vitu viwili ambavyo havijawahi hata kusalimiana.

Wasiopajua: hapa kwetu ndiyo mwisho wa lami ya nchi. Malori yote ya Zambia na Kongo yanapita hapa. Ukiingia barabarani na kigari chako, mbele semi, nyuma semi, pembeni bodaboda, na katikati yuko mama na beseni la ndizi anavuka kama yuko sebuleni kwake.

Shemeji yangu, mume wa dada, ana Corolla ya manual. Siku ya kwanza akanipa nizunguke nayo, yeye kakaa pembeni. Kwenye kile kimlima cha karibu na sokoni gari ikazima. Nikawasha, ikazima. Nikawasha, ikaanza kurudi nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na Mzambia, akapiga honi mpaka wauza mitumba wakaacha biashara waje kuangalia. Shemeji ikabidi ashuke abadilishane nami kiti mbele za watu.

Kuanzia hapo gari nikawa naiosha tu.

Nikitumwa, naumwa kichwa. Nikipona kichwa, goti. Shemeji akaanza kunichamba mezani: "Hiyo leseni yako ni kitambulisho, shemeji. Kakopee nayo sukari."

Nikawa nacheka, lakini ndani inauma wakuu.

Sasa njooni kwenye kisa chenyewe.

Nina mchumba wangu anaitwa Tusa. Kwao ni Ileje, milimani huko. Tukakubaliana nipeleke posa. Siku ya kwanza tuliyopanga, mshenga wangu akaugua, tukaahirisha. Baba yake Tusa hakufurahi. Akatuma neno: "Waje Jumamosi saa sita mchana. Wakiahirisha tena wasihangaike, kuna watu wengine wameshabisha hodi hapa."

Hao watu wengine Tusa alishaniambia. Jamaa ana duka la jumla. Mimi nina leseni.

Mpango ulikuwa shemeji ndiye aendeshe. Tumchukue mshenga Vwawa anakoishi, turudi hadi Mpemba, pale tukate kushoto kwenda Ileje. Mimi nikae nyuma kimya, maana muoaji hatakiwi kuonekana kwenye posa.

Jumamosi asubuhi shemeji akapigiwa simu, mzigo wake umekwama forodhani, lazima avuke Nakonde, upande wa Zambia, haraka. Akanirushia funguo.

"Leseni si unayo?"

"Shemeji, leo goti..."

"Goti halioi. Nenda."

Shangazi yangu, ambaye alikuwa kwenye msafara, alishakaa siti ya nyuma na kikapu chake, kanga mpya, ananiangalia tu.

Nikaondoka wakuu. Tunduma mpaka Vwawa nilienda na gia ya tatu, shingo imekakamaa kama nimevaa plasta, macho kwenye mstari mweupe tu. Hata ningepishana na tembo nisingemwona. Na ndiyo maana sikuona kilichokuwa kimepangwa upande wa pili wa barabara.

Vwawa nikampakia mshenga, Mzee Simbeye, rafiki wa marehemu baba. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, suti ya kijivu na tai. Akakaa mbele, akafunga mkanda, akaomba sala fupi. Nadhani Shangazi alishamnong'oneza.

Kurudi nikapata mbinu. Mbele yangu kulikuwa na semi linakwenda taratibu, nikajificha nyuma yake. Likipunguza napunguza. Likiongeza naongeza. Nikajisikia kama kifaranga chini ya bawa la mama yake. Kwa mara ya kwanza mabega yakashuka.

Kabla ya kufika Mpemba, kwenye kamwinuko, lile semi likasimama.

Na mimi nikasimama. Nikavuta hendibreki. Na kusema ukweli nilifurahi, maana kusimama ndicho kitu nilichokuwa nakiweza vizuri kuliko vyote.

Tukakaa.

Noah ikatupita kulia. Basi likatupita. Bodaboda zikatupita. Shangazi akauliza, "Mbona wenzetu wanapita?"

Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu wa udereva: "Hao wanavunja sheria, Shangazi. Kwenye foleni haipitwi."

Mzee Simbeye akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kijana anafuata sheria. Nchi hii ingekuwa na vijana kumi kama huyu..." Kisha akasinzia.

Semi lingine likaja likasimama nyuma yetu, puani kabisa.

Tukakaa tena. Mpaka ikaanza kuingia harufu ya vitunguu.

Shangazi akanusa. "Nani anakaanga?"

Akashuka. Akatembea mpaka mbele ya lile semi, akarudi amejishika kiuno.

"We mtoto! Dereva wako huyo amekaa chini ya tela anasonga ugali! Nimemuuliza tunaondoka saa ngapi, ananiambia zamu yake ya kuvuka labda keshokutwa. Anauliza na sisi tumebeba mzigo gani wa Kongo!"

Wakuu.

Mimi ni mzaliwa wa Tunduma. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka nimekua nayo. Nimeuza mayai ya kuchemsha humo humo nikiwa na kaptula. Najua kabisa haiyahusu magari madogo, mtoto wa chekechea Tunduma anajua. Ila siku hiyo ilikuwa imerefuka mpaka kupita Mpemba, na mimi nikiwa na usukani mkononi akili ya mtaani ilishuka, ikabaki ya kwenye kitabu.

Mzee Simbeye akaamka. Akatazama saa, akatazama lile tela, akanigeukia polepole.

"Kijana. Mimi nimetumwa Ileje. Sijatumwa Lubumbashi."

Saa sita ilikuwa inakuja hiyo, na mlima wote wa Ileje hatujaugusa.

Yule dereva wa semi akaja, mtu wa Tanga, kofia ya kufuma kichwani na mwiko mkononi. Akainama dirishani, akasikia habari yote kwa Shangazi, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mdogo wangu, leseni unayo?"

"Ninayo, kaka."

"Basi toka hapa."

"Kaka, ni kilima. Itarudi nyuma."

Akaangalia lile semi nyuma yetu, akaangalia uso wangu. Akanihurumia. "Haya shuka, nikutolee."

Mkono wangu ulishafika kwenye kitasa wakuu, sidanganyi. Nilitaka kumpa gari, funguo, na leseni juu yake.

Shangazi akasema kutoka nyuma, taratibu tu: "Ukimpa huyo usukani, na Tusa mpe."

Nikarudisha mkono.

Yule kaka akaenda kusimama katikati ya barabara, akainua mwiko juu kama trafiki, magari ya kutoka mbele yakasimama kweli. Nikakanyaga klachi, gia ya kwanza, nikaachia. Ikazima. Basi lililosimamishwa na mwiko likapiga honi. Nikawasha, ikazima tena, ikateleza nyuma kidogo, Mzee Simbeye akataja jina la Bwana.

"Usiipapatikie!" yule kaka akapiga kelele. "Isikilize! Ikiinama pua, ndiyo uachie breki!"

Mara ya tatu nikatoa klachi kidogo kidogo. Nikasikia mlio unabadilika, pua ya gari ikainama. Nikaachia hendibreki.

Ikasimama pale pale. Haijarudi nyuma, haijaenda mbele. Aisee, ule utamu siwezi kuuelezea humu. Nikaongeza mafuta, nikakata kulia, tukatoka. Shangazi akapiga kigelegele kama harusi imeshafungwa. Kwenye kioo nikamwona yule kaka anakimbilia sufuria yake.

Msidhani iliishia hapo. Sasa niko upande wa watu wanaokuja, nalipita tela baada ya tela. Mbele likatokea basi, taa zote zinawaka. Kati ya semi na semi kulikuwa na upenyo, nikajichomeka. Basi likapita upepo ukatikisa gari. Sasa kutoka tena, kamlima kale kale. Pua ikainama, nikaachia, tukaenda. Mbele tena lori, nikajichomeka, nikatoka tena. Madereva wenye malori yao wako pembeni wanakula, wanacheza drafti, wananipungia. Nadhani habari zilishatangulia.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi ndipo nikagundua nimetoka kwenye upenyo bila kufikiria mguu uko wapi. Mguu ulikuwa umeshaenda wenyewe.

Pale Mpemba madereva wameacha nafasi ya njia panda, nikakata kushoto, vumbi la Ileje likatupokea. Kona, mteremko, mlima, kona. Mzee Simbeye akafungua jicho moja, kisha la pili, akaanza kunionesha mashamba ya kahawa. Hapo nikajua tuko salama.

Tulifika tumechelewa vibaya.

Wazee wa kule wamekaa ndani, nyuso za mawe. Mzee Simbeye na Shangazi wakaingia. Mimi nikabaki kwenye gari kama dereva, nimeinamisha kichwa, nasikilizia dirishani.

Nikasikia baba yake Tusa: "Tulisema saa sita."

Nikasema moyoni Mzee Simbeye atatunga kitu, tairi limepasuka au nini. Lakini nilisahau huyu ni mzee wa kanisa. Akasema yote. Malori, ugali, mwiko, Kongo, yote!

Kisha kicheko cha kwanza. Kisha nyumba nzima.

"Na huyo dereva wenu ni nani?" baba mkwe akauliza huku anafuta macho.

Nikasikia Shangazi: "Ndiye mwenyewe, baba."

Nikaitwa. Nikaingia, nikapiga goti, shikamoo. Lile goti bovu siku hiyo lilikunja vizuri tu.

"Ulikaa nyuma ya lori muda wote huo, wenzako wanapita?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

"Niliogopa, mzee."

Akaniangalia sana.

"Vijana wa Tunduma wanapanda mlima huu na pikipiki kama wanafukuzwa. Mmoja tulimtoa kwenye migomba ya jirani, na yeye alisema haogopi." Akamgeukia Mzee Simbeye. "Haya, mshenga. Sema kilichowaleta."

Wakuu, nilipumua pumzi niliyokuwa nayo tangu Tunduma.

Jioni tukiondoka, baba mkwe akasema ana safari ya mjini Itumba, tumsogeze. Akakaa mbele, Mzee Simbeye nyuma. Gari nilikuwa nimeipaki inaangalia mlimani. Tusa yuko mlangoni kajiziba mdomo na kanga.

Gia ya kwanza. Pua ikainama. Nikaachia.

Haikuzima.

Nilichojifunza: leseni ni ruhusa tu ya kwenda kujifunza. Woga hauondoki kwa kuosha gari, unaondoka kwa kutoka kwenye upenyo, tena na tena, mpaka mguu ujue wenyewe. Na kuogopa siyo dhambi, dhambi ni kushuka ukampa mwenzako usukani wako.

Haya, uwanja wenu. Wewe gari ilikuzimia wapi mara ya kwanza, na nyuma yako alikuwa nani? Msiojua manual pia karibuni, tutawacheka kwa upendo.